Pindo la Suruali

Kabla ya kuingia ndani Baba husimama
penye pipa la maji, nyumba ya Chaani,
anakunjua pindo la suruali,
anakung'uta.
Vumbi la kinuni Shimanzi, makapi, punje moja mbili;
kila jioni meli ya ngano ya ugenini
inamwagika kidogo mlangoni kwa Bi Sauda.
"Utatuletea panya, Famau."
Panya hawakuja. Liliota hilo.

Mwaka wa kwanza, jani moja.
Mwaka wa pili majani matatu, na Baba tushamzika.
Jirani Mbeyu akasema kwekwe, ling'oe.
Mamangu, alipokuja kunijulia hali,
akasema huo ni mpapai uliopotea njia,
jani limechanika vile, kama kiganja.
Bi Sauda akalipapasa. Likamkwaruza.
"Mpapai hauna ulimi wa paka," akasema,
akalizungushia matofali na sufuria iliyotoboka.

Mwaka wa nne likaondoka ghafla,
shina lenye manyoya likapita dirisha, likashika mabati,
na huko juu likafungua manjano:
moja, mbili, kisha kumi na moja kwa wiki.
Mtaa mzima: alizeti!

Ila Mwalimu Mwadime, aliyefuata barafu ya ukwaju,
akachuma moja, akalifumua kiganjani.
"Hili si ua, ni kijiji. Kila ulimi huu wa manjano
ni ua zima lenye mambo yake.
Sasa angalia. Alizeti huzaa katikati.
Hili katikati ni tasa. Mbegu zake ziko pembeni,
hapa, chini ya ndimi."

Bi Sauda akapangusa meza iliyokuwa kavu.
Mimi, mtoto wa mke mwenzake,
niliyeletwa nisome muhula mmoja nikakaa miaka tisa,
nikajifanya nahesabu chenji.

"Na majani," akaendelea, hana habari,
"mbona yamesimama kiubavu,
kama watu wanaopishana kichochoroni?"
Akatoa simu, akailaza chini, sindano ikatulia.
"Kaskazini, kusini. Yanalikwepa jua la saa sita."
"Kaskazini gani?" Bi Sauda akacheka,
mara ya kwanza tangu matanga.
"Hiyo ni kibla, Mwalimu.
Kumbe miaka minne tuko safu moja."

Ukitaka kulipanda, basi, usilihamishe.
Mzizi wake hauna adabu, unashuka tu,
tulichimba hadi kwenye jiwe la matumbawe
tukakuta umeshatafuta ufa.
Mbegu nazo hazioti bila kulala baridi.
Zile za pindo zilikuja zimeshalala kwao.
Hizi zetu tulizitia kwenye kopo la maziwa,
na mchanga uliolowa, lakini usiotiririka,
chini ya barafu za ukwaju, miezi miwili.
Juu yake niliandika SI ZA KULA.
Stima ikipotea, funika friji na gunia,
na usimfungulie mteja, hata akibisha na shilingi mia.
Kati ya kumi na mbili zikatoka tatu.
Moja ililiwa na kuku wa Mbeyu.

Baada ya hapo ni kungoja,
na kungoja huku si kwa kusimama: fua, pika, olewa.
Ukivunja shina litatoa utomvu mzito;
watoto wa Chaani wanautafuna kama ubani
na hakuna aliyeugua.

Jina lake Mwalimu aliliandika nyuma ya risiti,
risiti ikafuliwa mfukoni.
Sisi tunaliita mkung'uto.

Ninalo langu sasa, Mikindani,
kati ya tangi na ukuta wa jirani.
Jani moja.
Jioni nikirudi kazini huliinamia kwanza,
hata kabla ya kuvua viatu.
Bado halijageuka.