Sungura Kwenye Gunia

Mifuko ni miwili, ya marekani,
imegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Shingo zimefungwa waya, waya umebanwa kwa risasi
yenye alama ya benki ambayo haipo tena kwa jina lile.
Tikiti inasema: senti hamsini, idadi elfu mbili,
na sahihi ya mtu aliyekuwa na haraka.

Aikande ameitua juu ya meza yangu ya saa,
hapa Kiusa, kati ya koleo na saa zisizo na mishale.
Meza ikalia.
"Baba alikuwa keshia. Aliinunua kwa bei yake,
elfu kwa elfu, stakabadhi hii hapa."
Stakabadhi ipo. Tarehe wameila panya.
Anataka laki nne kwa mfuko,
na tusikate waya:
ukikatwa, anasema, zimekuwa chenji.

Wahenga walitukanya mbuzi kwenye gunia.
Juu ya sungura hawakusema neno.
Na humo ndani, kama tikiti haidanganyi,
ni sungura watupu, elfu mbili,
hawajawahi kushikwa sikio.

Nikaubeba mmoja hadi Kiborloni,
kwenye mizani ya Elinami anapopimia maharage.
Gramu nne mara elfu mbili, kilo nane.
Mizani ikasema nane na robo.
Robo nzima!
Ni nguo na risasi? Ni vumbi la miaka hamsini?
Au ni washa za bati, na tapeli mbovu wa hesabu?
Elinami akajikuna.
"Hata mizani yangu huongopa kidogo,
Kiborloni yote inajua."

Arusha, jirani na Mnara wa Saa,
yupo kijana anayemuuzia mtalii
sungura mmoja kwa bei ya kuku.
Usiku ule nililala na kuku elfu mbili.
Asubuhi hesabu ikaniamkia vibaya:
sungura mmoja ni adimu,
sungura elfu mbili ni mifugo.

Laki nane ninazo. Zina jina tayari, zinaitwa bati.
Eliapenda hakupandisha sauti.
"Hela ya kununua hela," alisema,
akacheka peke yake,
akaendelea kuchambua mchicha.

Koleo liko hapa. Kukata ni kufumba na kufumbua.
Miaka thelathini nimekula kwa kufungua migongo ya vitu,
nikaona jino lililovunjika, nikataja bei.
Sasa naambiwa thamani yote
iko katika kutofungua.

Nina sungura wangu, kwenye droo ya skrubu.
Masikio hana.
Yameliwa na kiganja cha mama,
na cha muuza chumvi, na cha karani wa posta,
na cha mtu fulani aliyekuwa na jasho jingi.
Huyu amenunua viberiti.
Aliwahi kudondoka chini ya kitanda
akatafutwa kwa mshumaa, na mshumaa ukawa ghali kuliko yeye.
Wale wa gizani wana masikio yote mawili
na hawajasikia kitu.

Ndiyo maana nawaonea huruma? Au ni tamaa
imevaa kanzu ya huruma? Sijui.
Jana niliutikisa mfuko, mara moja tu.
Hazikulia kama chenji.
Zilijisogeza zote pamoja, kwa uzito,
kama mtu anayegeukia ukutani
asiyetaka kuamshwa.

Jibu nimemwahidi Jumatatu.
Leo Jumamosi, mlima umejifunika tangu mchana,
mvua imeshuka kutoka Kibosho bila hodi,
na juu ya beseni, katikati ya chumba,
tone. Kimya. Tone.
Nimelala chali, nahesabu kama keshia.
Eliapenda anasogeza beseni kwa mguu.
Usinikatize, namwambia,
nimefika mia tatu na kumi.