Kama

Sisi neno letu moja hubeba ndoo tatu:
kama, ukikisia;
kama, ukifananisha;
kama, ukichuchumaa ubavuni mwa ng'ombe
na povu linapanda.

Sjoukje wa Friesland hana bahati hiyo.
Kwao kukama ni kazi ya mkono wa chuma
tangu babake apasuliwe bega,
na ile "kama" nyingine ni mstari wa kwanza wa somo la saba,
usiku, jikoni,
kompyuta juu ya kitambaa chenye madoa ya kahawa.

Anajifunza kwa roboti ya kusukuma majani:
pipa la duara, latembea lenyewe zizini,
lapapasa ukuta kwa mwangwi, kipopo.
Kitabu kimeandika: inajitegemea.
Wobbe, babake, kasema: tutaona.

Wiki ya kwanza ilizunguka nguzo moja
mpaka betri ikakata roho.
Alama moja tu ya kutoa, aliisahau.
Wiki ya pili iliogopa kivuli chake.
Ya tatu akaandika, kwa fahari:
*kama kuna ng'ombe mbele, ngoja.*

Ikangoja.
Tangu saa tisa usiku hadi mapambazuko ya Februari,
yanayochelewa kama mdeni,
mbele ya namba arobaini na saba, aliyelala njiani akicheua,
huku wenzake sitini wakilia njaa
na taa ya buluu ikipepesa kwa adabu,
mgeni aliyebisha hodi asiitikiwe.

Wobbe alicheka mpaka akashika bega.
"Umeifundisha subira," alisema,
"hujaifundisha kuchoka."

Hakumjibu. Chai ikapoa.
Akajaribu *hadi*, akajaribu *isipokuwa*,
akafuta, akaandika,
akafuta hata palipokuwa sawa.
Karibu na saa sita, mstari mfupi:
*kama dakika kumi zimepita, niite.*

Simu ililia usiku uleule.
Mabuti ya mpira, koti juu ya nguo za kulalia,
barafu ya uani ikivunjika kama vigae.
Hapakuwa na la ajabu. Ng'ombe yuleyule, pale pale.
Akamsukuma kwa goti,
akainuka kwa awamu, matako kwanza,
na pipa likapita bila asante.

Akabaki kwenye joto la mifugo
akiliwaza lile neno kubwa la kitabuni.
Laiti ningekuwapo nimwazime ulimi:
inajitegemea,
toa *ji*,
inategemea.