Mshale wa Mzani

Miaka ishirini na sita nimepima majani ya chai
katika kibanda cha mabati pale Mpuguso,
ukungu ukishuka kutoka Rungwe na kuniingia kolani.
Najua mzani mzima hauna utulivu:
gunia likitundikwa mshale huruka,
hupitiliza kilo, hujuta, hurudi,
hutetema kama ndama aliyezaliwa leo,
ndipo useme kweli.
Mshale uliokwenda moja kwa moja ukaganda
nimewahi kuufungulia kifuniko. Ndani palikuwa na kutu
na buibui mmoja, amekauka.

Basi sijui ni kiburi gani kilichonituma
kujisifu mbele ya Daktari Tusajigwe,
ambaye mama yake alikuwa akija mzanini
na yeye mgongoni.
"Moyo wangu," nilisema, "ni saa ya ukutani.
Kilichoanguka ni mwili tu,
alfajiri, nilipoinuka kitandani."

Alinilaza. Akanibandika nyaya kifuani,
akasema vuta pumzi, hesabu tano,
toa, hesabu tano.
Karatasi ikatoka mashineni na vilele vyangu,
kimoja, kimoja, kimoja,
kama miche ya shamba la mzungu, kamba imevutwa.

Kisha, bila kusema, akajibandika mwenyewe.
Alivuta pumzi, vilele vikasogeleana.
Aliitoa, vikaachana,
kama wanawake wenye ndizi kichwani njia ya Masoko,
penye mlima wanabanana, penye tambarare
kila mmoja na mawazo yake.
Aliposimama moyo wake ulikurupuka,
ukakimbia, ukafikiri, ukapunguza mwendo.

"Hapa," alisema, vidole viwili chini ya taya langu,
"kuna mlinzi, ukutani mwa mshipa.
Damu ikisukuma, ukuta hutanuka,
naye hupeleka habari juu: yatosha.
Juu huteremsha amri: moyo, polepole.
Ukisimama, damu huporomokea miguuni,
ukuta hulegea, mlinzi hunyamaza,
na kule kunyamaza ndiyo mbiu yenyewe: moyo, kimbia!
Lakini habari huchelewa njiani kidogo.
Amri hupita kiasi, hurekebishwa, hupita tena,
wimbi la sekunde kumi hivi, usiku na mchana.
Mapigo hayalingani kwa sababu wanazungumza."

"Na yangu?"

Aliitazama karatasi kwa muda.
"Yako yanalingana, baba."

Sukari. Miaka kumi na minne
imekuwa ikitafuna nyuzi zilizobeba maneno.
Pengine mlinzi bado yupo, anapiga kelele
kwenye simu iliyokatwa waya.
Moyo haujui kama nimelala au nimesimama,
haukujua hata siku tuliyomzika Lugano,
nikauona mtulivu, nikadhani ni uanaume.
Na alfajiri ile damu iliposhuka
uliendelea tu, tik, tik, mtumishi mwaminifu,
mimi nikiiona sakafu inakuja.

Ndaga fijo, nilimwambia, nikavaa koti.

Sasa naamka kwa vituo.
Kwanza kiwiko. Kisha miguu ining'inie,
glasi ya maji, nikunje vidole vya miguu
nihesabu hadi sitini, mlinzi wa zamu nikiwa mimi,
mzee, mwenye usingizi, asiye na mafunzo.
Atuganile hucheka: "Unainuka kama bendera ya shule."
Jana nilimwomba asimame ghafla
nami nikamshika shingoni, chini ya taya.
Ulikuwepo. Ulishtuka, ukapitiliza,
ukajuta, ukarudi, ukatetema kidogo
kabla ya kutulia, na haukutulia kabisa.
"Umemaliza?" akauliza. "Uji unaungua."

Leo mchumaji mgeni kanikodolea macho mzanini:
"Mzee, mshale wako hautulii. Unaniibia?"
Nilimwambia asubiri.
Nilimwambia auache ucheze.