Mkanda wa Bati

Saa nane za usiku, mwezi wa nane,
nasikia meno yako juu ya mpeasi.
Si upepo. Upepo hauna meno,
wala haunusi tunda kabla ya kuliangusha.

Wang'ata mara moja, watupa,
wahamia kwa jirani yake.
Asubuhi naokota kumi na saba nyasini,
kila moja na alama yake ndogo,
kama barua zilizopigwa muhuri
na ofisi isiyomlipa mtu.

Panya-miti, mwenye mkia wa brashi ya chupa,
mwenye macho kama vifungo vya koti la msiba,
hapa milimani Kočevje tunajuana tangu zamani.
Baba yangu, Ožbej, alikutega kwa visanduku vya mbao.
Kofia yake ilikula ngozi thelathini za ukoo wako.
Ninayo bado, ipo msumarini nyuma ya mlango.
Nikiivaa, kichwa changu chanuka moshi wake.

Mimi sikutega.
Nilinunua bati, laini kama kikaango kipya,
upana wa dhiraa moja na shubiri,
nikaivalisha shina mahali pa kifua.
Bogomir angenishikia ngazi.
Nilitia kigae chini ya mguu wake mfupi,
nikapanda, nikakaza parafujo mwenyewe.

Usiku ule: kwaru, kwaru, kwaru,
kisha pu!
Mara tatu, pu!
Nilicheka kitandani, kiganja mdomoni,
kama mtu aliyeshikwa na kicheko kanisani.

Usiku wa nne, meno tena.
Nikatoka na tochi, na gauni la kulalia,
na matusi ambayo mama hakunifunza.
Ulikuwa juu ya kamba ya nguo,
wapita taratibu baina ya soksi zangu
kama mwenye nyumba anayekagua mali.

Kamba ile Bogomir aliifunga
mwaka aliozaliwa Tjaša, kwa ajili ya nepi.
Nilipoikata, fundo halikutoka.
Gome lilikuwa limeshalifunika,
mti umelimeza kimya kimya
miaka thelathini na minne.
Nikaliacha humo.
Nikakata pia tawi lililogusa paa,
lile la kivuli cha dirisha la jikoni.
Nilizifunga njia zako moja moja,
na baadhi yake zilikuwa zangu.

Mwezi wa tisa nilivuna ndoo tano.
Ndoo tano, mdomo mmoja!
Majirani walipata, padri alipata,
nyingine nilizikausha juu ya jiko.
Tjaša alisema angekuja Jumamosi.
Sikumuuliza Jumamosi ipi.

Kisha baridi. Nikaingia bandani kutafuta shoka,
nikakuta kiatu cha Bogomir kizito kupita kawaida.
Ulikuwa ndani, umejikunja kama ngumi,
mkia umefunika uso,
baridi kama jiwe la mtoni,
mnene. Mnene kwa mapeasi ya nani?
Nilikushika kiganjani.
Hukujua. Ungeweza kuwa ngozi ya thelathini na moja
na usingejua.

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.
Nikakurudisha kiatuni,
kiatu nikakirudisha rafuni,
ncha yake ukutani, upepo usikupige.
Usiniulize sababu. Sijajiuliza.

Theluji ikaja, ikakaa, ikaondoka.
Usiku banda lilikuwa kimya,
na mimi nililisikiliza hata hivyo.

Leo, mwezi wa tano, kiatu ni kitupu,
na ndani yake manyoya matatu ya kijivu.
Mpeasi umechanua mpaka umepitiliza.
Nimepeleka ngazi na kigae chake.
Bati limeanza kuuma shina,
pembeni gome limevimba kama kidole
juu ya pete ya zamani.

Nimelegeza parafujo mizunguko miwili.

Si kwa ajili yako.
Mti umenenepa.