Usilivunje Jani

Ghala hili zamani lilihifadhi kitani.
Leo lina njia tatu za mpira mwekundu, mita sabini na nne,
na mwishoni, ukutani, magodoro manne yamesimamishwa
kuwapokea wasiojua kusimama.
Nje, theluji ya Valmiera imefika magotini.
Ndani, pumzi ya Madara inaonekana.

Skaidrīte hapigi kelele.
Nyonga yake moja ni ya chuma, ya hospitali,
na akitembea husikika kabla ya kuonekana.
"Leo hukimbii," anasema. "Leo unajifunza kusukuma."

Basi ukuta.
Viganja ukutani, mwili umeinama kama ngazi iliyoegemezwa,
goti juu, kisigino chini ya paja, vidole vya mguu vimeelekea juu.
Shika hapo.
Shika.
Badili.
Mara mia na ishirini, siku baada ya siku, mpaka plasta
ikaota alama mbili za mikono
na paja likatetemeka kama kifuniko cha sufuria.

Madara alikuja na miguu ya haraka na akili ya haraka zaidi.
Shuleni aliwashinda wavulana.
Aliamini mbio ni kupeleka miguu mbele.
"Mbele hakuna kitu," akaambiwa. "Mbele ni hewa.
Ardhi iko chini. Igombeze ardhi,
iambie irudi nyuma.
Ikikataa kwenda, utakwenda wewe."

Jumanne, vyuma.
Kilo themanini mabegani, anachuchumaa taratibu
kama mtu anayetua mtungi uliojaa,
anainuka ghafla kama aliyeitwa jina.
Alhamisi, sleji yenye magunia mawili ya viazi
vya mjomba wake
(virudi bila kuchubuka, alisema, wala hakuwa akitania).
Alfajiri anakanda unga wa mkate mweusi;
jioni anakandwa yeye.

Kisha lile jani.
Skaidrīte huyaokota mwezi wa kumi, chini ya mibetula ya uani,
huyabana ndani ya kitabu cha simu ambacho namba zake zimekufa.
Jani moja kila kiganja, kavu, jembamba kama ganda la kitunguu.
"Kimbia kwa nguvu zote. Usilivunje."

Novemba: unga.
Desemba: unga.
Januari alikimbia polepole makusudi, majani yakabaki mazima.
Skaidrīte akayavunja mwenyewe,
akampa mengine.

Kinolewacho hupata, sawa,
lakini kisu hakikunji uso kikiwa juu ya jiwe.
Wapo wengi wanaomsaidia mkimbiaji asikimbie:
taya, shingo, mabega, ngumi,
wote wamejitolea, wote wanatoka jasho,
hakuna hata mmoja aliyealikwa.

Machi, siku ya saa.
Hatua nane za kwanza macho chini,
nane za pili mwili unapanda kidogo kidogo,
kama ubeti wenye mizani sawa:
ukiruka silabi moja, sikio linajua.
Kisha amesimama wima, kifundo kimekaza,
unyayo unagusa na kuondoka
kama unaokanyaga bamba la tanuri.
Sauti ya viatu ikawa moja. Ghala likanyamaza kusikiliza.
Magodoro.

Mwaka jana, saba nukta sita moja.
Leo, saba nukta tano saba.
Magunia, mikate, ukuta, baridi yote ile,
kwa sehemu nne za mia za sekunde,
muda ambao kope haijaamua hata kufumba.

Skaidrīte akaandika kwa penseli, akafika pale
Madara alipolala akicheka peke yake.
"Fungua."

Kushoto: jani zima, mishipa yake yote.
Kulia: limepasuka kidogo kwenye ncha.

"Mkono wa kulia," akasema,
akifungua kitabu cha simu kwenye herufi K,
"bado unadhani mbio ni zake."