Nguzo Kumi na Moja

Babu alikuwa liwali, baba akawa liwali,
na wewe, kaka Ghalib, ukasema: mimi nitapigiwa kura.
Mama alicheka jikoni, kwa Kiswahili chake cha Kibokoni:
"Mwana wa liwali haombi, huombwa."

Ukaomba.
Nyumba kwa nyumba, Ibra nzima, dishdasha imegandana na mgongo,
kahawa juu ya kahawa
hata mkono ukasahau kukitikisa kikombe.

Mihula minne Maskati, kwenye Baraza la Shura.
Swali lako lilikuwa moja. Nalijua kwa ghibu,
maana niliandika mimi, kwa penseli,
nyuma ya risiti ya tende:
lini tutajengewa daraja la wadi,
pale mafuriko yalipomchukua Khalfan na lori lake,
Khalfan aliyekuwa akitupelekea maji?

Waziri alijibu: linashughulikiwa.
Mwaka wa pili, linashughulikiwa.
Watoto wakaligeuza mchezo.
Umemaliza hesabu za shule?
Zinashughulikiwa, shangazi.

Na kila aliyebisha hodi kwako alikuja na bahasha:
viza ya mtumishi, kiwanja, kijana aliyekosa chuo.
Wengi uliwaambia hapana.
Hapana nazo zina siku yake ya kuhesabiwa.

Muhula wa tano alikushinda Muhanna, mtoto wa ami yetu,
meno meupe kwenye simu za watu wote,
kwa kura thelathini na nane.
Hukusema neno. Ulitoka hadi kwenye hema,
ukakunja mikeka peke yako,
mmoja mmoja, ukiikung'uta.

Daraja lilikuja mwaka uliofuata.
Kwenye jiwe la ufunguzi jina lako halimo, la Muhanna halimo;
tarehe tu, na jina la kampuni.

Ijumaa hunipakia garini. Huegesha chini yake, juu ya kokoto kavu,
nawe uliyesimama barazani miaka kumi na sita kwa Kiarabu cha kunyooka
unahesabu nguzo kwa lugha ya mama,
kidole kikitangulia.
"Kumi na moja," unasema. "Kwenye ramani yangu zilikuwa kumi."

Jumatano, kwenye soko la wanawake,
Bi Shamsa wa hina na Bi Rayya wa manukato waliniinamia:
"Na wewe je, binti liwali? Si kalamu ilikuwa yako?"
Nilikuwa napima ndimu kavu.
Linashughulikiwa, nikasema.

Bi Shamsa alicheka.
Bi Rayya hakucheka.