Pembe ya Nane

Jena, Februari. Chini ya jengo, chumba kisicho na dirisha.
Meza imeelea juu ya hewa iliyoshindiliwa
ili tramu ya mwisho ya kwenda Lobeda
isitikise kitu ambacho hata pumzi hukitikisa.
Henrike amezima taa, amevua saa yake
yenye mishale inayong'aa gizani;
kamera haichagui mwanga, nao ungehesabiwa.

Leza nyekundu inaziamsha molekuli.
Zikiwaka zote kwa mkupuo ni ukungu tu,
ukumbi wa watu wanaotaja majina yao kwa pamoja.
Basi zinaitwa kwa zamu: hii, kisha ile kule,
fremu elfu arobaini, hadi usiku wa manane.

Tatizo ni kukonyeza.
Moja huwaka, hulala, huamka tena palepale,
na mashine, yenye bidii ya karani mgeni,
huiandika mara tatu.
Nyingine haiwaki kamwe. Ipo.
Rangi haikuishika, au iliungua kabla ya zamu yake.

"Ngapi?" huuliza Profesa Strohbach kila Jumatatu,
mkono kwenye kitasa, koti mwilini.
Anataka namba isiyo na mkia.

Henrike huanza na anachokijua:
lango la kiini cha seli, pete yenye pembe nane,
nane kwa mwanadamu, nane kwa chura,
nane hata kwa hamira ya mkate wa mama yake.
Anakuza picha. Pete ya kwanza: saba.
Ya pili: sita.
Ya tatu saba, ya nne tano na doa lisiloeleweka.
Mwaka wa kwanza aliyalaani mapengo haya.
Siku hizi anayahesabu kabla ya nuru;
pengo mahali unapojua pana kitu
hukupa kipimo cha upofu wako.

Saa kumi alfajiri anaandika:
sabini na mbili, ongeza au punguza tisa.
Strohbach atanuna. Anune.

Nje, theluji imegeuka tope.
Tramu ya kwanza inapita, madirisha yamewaka,
naye, vidole vikiwa bado baridi, anahesabu vichwa:
watano.
Anaongeza mmoja,
kwa ajili ya yeyote aliyeinama
kufunga kamba ya kiatu.